Mtu wa theluji wa karatasi, na ile karatasi ya karanga

Haya jamani nimerudi. Najua nilisema ntaandika kila wiki, lakini huku Sapporo, kaskazini mwa Japani, mwezi wa kwanza ukiamka tu unashika koleo, unasukuma theluji mlangoni ndo mtoto apite, yaani kwa msimu mmoja inashuka karibu mita tano, sio zote kwa mpigo ila ukimaliza kusukuma unakuta ingine ishajaa. Afu saa kumi na nusu jioni giza. Sasa mtoto wa miaka minne ukishamfungia ndani toka saa kumi na nusu lazima mikono yake uipe kazi, la sivyo ni katuni mpaka alale.

Kazi yenyewe kwetu ni origami, yaani kukunja karatasi mpaka itoke umbo la kitu. Siku tatu kwa wiki nafanya kibarua cha kusaidia walimu kwenye chekechea, na huko pia kuanzia mwezi wa kumi na mbili ni karatasi mwanzo mwisho: mtu wa theluji, Santa, maua ya tsubaki ambayo huchanua humo humo kwenye baridi, ile mikate ya mchele miwili ya mwaka mpya inayowekwa chungwa juu, mpaka zimwi la mwezi wa pili (hilo ntalifikia).

Niseme ukweli, nilipoanza nilikuwa naharibu. Mtoto wa miaka mitatu anakunja pembetatu, ncha moja imeenda Tanga ingine Tabora, mi naona huruma namchukulia namnyooshea vizuri namrudishia. Siku ya pili au ya tatu mwalimu akaja akakaa pembeni yangu akasema kwa upole, wewe chukua karatasi yako ukunje ya kwako, pole pole, wakuone. Ndo hivyo tu. Nikaenda nyumbani nikalifikiria lile neno kwenye basi na kweli, yule mtoto nilikuwa nikimrudishia kitu changu, ndo maana akikipokea anakiweka mezani anakiacha, wakati kile alichokipinda mwenyewe anakificha mfukoni anampelekea mama yake kimekunjamana kama tiketi ya daladala.

Basi toka hapo sigusi. Na kama huwezi kugusa, inabidi uchague kitu ambacho hata kikipinda bado kinaeleweka. Hapo ndo mtu wa theluji ananifurahisha.

Karatasi za origami za kawaida ni mraba wa sentimita 15, upande mmoja rangi, upande mmoja nyeupe. Chukua moja ya hizo kwa mwili, na ingine ndogo zaidi kwa kichwa, ukikosa ndogo kata. Weka rangi iangalie juu, kunja zile pembe nne kidogo kuja ndani, kidogo tu kama kidole gumba cha mtoto, afu geuza. Imekwisha. Upande uliotokea ni mweupe na hauna pembe kali, unaonekana kama umeviringika. Fanya hivyo hivyo na ile ndogo, bandika juu ya kubwa kwa gundi, mpe mtoto krayoni achore macho. Kofia ni pembetatu nyekundu tu. Na kama pembe moja imekunjwa kubwa na ingine ndogo basi umepata mtu wa theluji mnene upande mmoja, wapo hata wa kweli huko nje wako hivyo.

Halafu kumbuka mtu wa theluji wa Kijapani ana mabonge mawili sio matatu, kichwa na tumbo basi, wanamwita yukidaruma kwa sababu ya yule mwanasesere wa daruma asiye na miguu. Mwanangu alipoona katuni ya Marekani yenye yule wa mabonge matatu akaniuliza mama huyu mbona ana matumbo mawili. Sikuwa na jibu.

Sasa chembe ya theluji yenyewe. Hii sio origami ya kukunja tupu, inakatwa na mkasi, na hapa mi nina ubishi wangu kidogo. Wengi wanakunja karatasi iwe tabaka mbili, nne, nane, wanakata, wanafungua, wanapata kitu kizuri chenye ncha nane. Kizuri ndio, ila theluji ina ncha sita! Huku watoto wanaidaka kwenye mkono wa koti jeusi wanaiangalia, wanahesabu, utawaambia nini? Na mji wenyewe ndo huu huu, mwaka 1936 hapa Chuo Kikuu cha Hokkaido profesa Nakaya Ukichiro alitengeneza chembe ya theluji maabara kwa mara ya kwanza duniani, mpaka kuna jiwe la kumbukumbu la pembe sita chuoni, baba watoto hupita pale akienda darasani. Kwa hiyo mi nakunja sita. Unakunja mraba upate pembetatu, unakunja tena nusu, afu ile pembetatu ndogo unaigawa mara tatu zinazolingana kwa kulaza upande wa kulia juu, wa kushoto juu yake. Hapo kwenye tatu mtoto wa miaka minne hawezi, hata mimi nilikosea nikapoteza karatasi kama kumi, kwa hiyo hiyo sehemu anakunja mtu mzima mapema, zinawekwa kwenye kikapu, mtoto kazi yake ni mkasi na kufungua. Kile kitendo cha kufungua! Darasa zima linanyamaza. Wengine wanakata mpaka inaachana vipande vipande, nayo hatusemi kitu, vile vipande tunavibandika dirishani tunasema ni theluji inaanguka.

Korongo msijisumbue. Kila mtu akisikia origami anawaza yule ndege, lakini kwa mtoto wa miaka mitatu minne ni kumtesa, mikunjo mingi na ile ya kufungua mfuko kwa ndani inahitaji vidole vya mtoto mkubwa. Wale wa miaka mitano mwishoni mwa mwaka wa shule ndo wanaanza kujaribu, tena kwa machozi.

Kwa walioko nyumbani msiseme hatuna hizo karatasi. Hapa nanunua duka la yeni 100, lakini chukua A4 yoyote hata iliyoandikwa upande mmoja, lete pembe moja ya juu mpaka ukingo wa pembeni, kile kipande kinachobaki chini kata, una mraba. Na msiniambie origami ni mambo ya Wajapani peke yao, nani hajakunja mashua ya karatasi ya daftari akaiachia kwenye mtaro mvua ikinyesha? Kofia ya gazeti je? Halafu hata hawa wenyewe, pamoja na mikunjo yao ya kale, ilipofunguliwa chekechea ya kwanza ya serikali Tokyo mwaka 1876 walifuata mafundisho ya Mjerumani Fröbel, yule mwanzilishi wa chekechea, naye alikuwa na michezo yake ya kukunja karatasi kwa watoto. Ukichunguza utakuta kila mtu alikuwa anakunja.

Sasa lile zimwi. Mwanzoni mwa mwezi wa pili, mara nyingi tarehe 3, kuna Setsubun, siku ya kuaga baridi kwenye kalenda ya zamani (baridi yenyewe huku haijui kama imeagwa). Mtu anavaa kinyago cha zimwi, oni, watoto wanamrushia maharage ya soya wakipiga kelele zimwi nje, heri ndani. Kukunja uso wake rahisi mno: mraba, pembetatu, ncha mbili za pembeni zipande juu ziwe pembe, chora meno. Mtoto wa miaka mitatu anamaliza na analiogopa mwenyewe.

Ila Hokkaido, kisiwa chetu hiki, wengi hawarushi soya, wanarusha karanga. Karanga za maganda! Nilipoambiwa mara ya kwanza nilicheka mpaka wakashangaa. Shuleni lakini hazitumiki kwa sababu watoto wadogo wanaweza kupaliwa, serikali yenyewe imeonya wasipewe wa miaka mitano kushuka chini, kwa hiyo tunakunja mabonge ya gazeti, na kila mtoto anakunja kiboksi cha kuyawekea. Kiboksi kina mikunjo mingi bwana. Wa miaka mitatu wakaanza kulia.

Mi nikachukua kipande cha gazeti nikakisokota kama pembe, nikapinda ile ncha ya chini isifunguke, kama anavyofanya mama muuza karanga pale stendi Tanga, sekunde tatu. Nikaweka bonge ndani. Mtoto wa kwanza akataka, wa pili akataka, mwishowe darasa zima linasokota gazeti, mengine yanavuja chini lakini nani anajali. Mwalimu akaja, yule yule, akakishika akakigeuza geuza akaniuliza hii origami inaitwaje.

Nikamwambia inaitwa karanga. Akaandika.