Nilivyohangaika na chaji ya Corolla yangu, kumbe alternata haikuwa na kosa

Gari yangu ni Toyota Corolla AE100, ya injini ya 5A, na kwa karibu miezi mitatu ilinitesa na chaji mpaka nikawa naogopa kuendesha usiku. Siku mbaya kuliko zote natoka Morogoro na mama, tumeipita Chalinze taa zikaanza kufifia taratibu, redio ikakata, kufika karibu na Mlandizi ikazima kabisa, giza totoro, malori yanapita pembeni na mama kakaa ndani anasali. Usiku ule ndo nikasema hii kitu lazima niijue mwenyewe.

Kabla ya hapo nilishanunua betri mpya. Halafu fundi mmoja akaniambia "bosi, alternata imekufa hiyo, tafuta nyingine", yaani ile mashine inayozungushwa na injini kufua umeme na kuchaji betri, nikaenda kwa wauza spea Gerezani nikapata ya mtumba, ikafungwa, siku mbili tu betri ikalala tena. Hakupima chochote, alichofanya ni kuchomoa terminali ya betri injini ikiwa inaunguruma aone kama itazima. Jamani msikubali mtu awafanyie hivyo, betri ndo inayotuliza umeme unaotoka kwenye alternata, ukiichomoa ghafla volti zinaruka juu na zinaweza kuua dayodi, regyuleta (kidhibiti cha chaji) na hata kontroli boksi (kompyuta ya gari).

Basi nikanunua multimita (mita ya kupimia umeme) ya kawaida tu. Injini ikiwa imezimwa betri nzima inasoma kama volti 12.6, ukiwasha inatakiwa ipande 13.8 mpaka 14.4 hivi. Yangu nikiwasha inasoma 12.3 na inazidi kushuka, maana yake hamna chaji hata kidogo. Nikaona na kingine ambacho sikuwahi kukitilia maanani: ukifungua swichi ON bila kuwasha injini, taa nyekundu ya betri kwenye dashibodi lazima iwake, halafu izime injini ikiwaka. Yangu haikuwaka kabisa, na mimi siku zote kwa kuwa siioni nilijua mambo yako safi!

Nyuma ya alternata kuna boliti ya B yenye waya mnene unaoenda betri, ule una moto (umeme) muda wote hata funguo ukiwa mfukoni kwa hiyo toa kwanza negativu ya betri na spana namba 10 kabla hujaugusa. Pembeni kuna plagi ya waya tatu. S inatoka betri moja kwa moja kupitia fyuzi, hiyo ndo inaiambia alternata betri ina volti ngapi. IG inapata moto swichi ikiwa ON, ndo inaamsha regyuleta. L inaenda kwenye ile taa ya dashibodi.

Hapa ndo pana siri yenyewe. Nikachomoa plagi, nikarudisha negativu, nikafungua swichi, nikapima kwa mita waya zote tatu zikaonyesha umeme, nikakata tamaa kidogo. Kesho yake nikachukua balbu ndogo nikaifunga waya mbili, moja kwenye ethi (upande wa hasi) ya injini nyingine nikagusisha kwenye plagi. S ikawaka vizuri. L ikawaka kwa kufifia pamoja na taa ya dashibodi, ndivyo inavyotakiwa kwa sababu umeme unapita kwenye balbu mbili. IG hola, giza. Mita karibu haili umeme kabisa, kwa hiyo hata uzi mmoja uliooza unaweza kuidanganya, balbu haidanganyiki. Nikaufuata ule waya wa IG nikakuta mtu zamani aliuunga kwa kusokota na selotepu tu karibu na ekzosi, ndani umegeuka kijani. Nikakata, nikaunga upya nikachomea risasi, nikaupitisha mbali na joto.

Kufungua swichi, taa nyekundu hiyo! Nikasogeza spana nyuma ya alternata ikavutwa na sumaku, wakati mwanzo haikushika kabisa. Kuwasha, 13.9. Nilifurahi kama mtoto.

Ila haikuishia hapo. Nikiwasha taa kubwa na feni betri inashuka 13.2, na stata (mota ya kuwashia injini) bado inazunguka kivivu. Nikapima kati ya boliti ya B na bodi (chuma cha nje) ya alternata yenyewe nikapata 14.3. Kwa hiyo umeme unatoka, unapotelea njiani. Upande wa chanya, kutoka B mpaka terminali ya betri, ilipotea 0.1 tu. Upande wa hasi, kutoka bodi ya alternata mpaka negativu ya betri, volti 1 nzima! Ethi ya injini ilikuwa imeoza pale inapofungwa kwenye chuma, na waya wa S hauwezi kusaidia hapo maana alternata yenyewe inapimia kutokea kwenye bodi yake. Nikaweka kebo mpya ya milimita 16 za mraba kutoka injini mpaka negativu, nikakwangua rangi na kutu mpaka chuma kikang'aa.

Sasa taa zote na feni zikiwa ON inasoma 14.1, stata inapiga mara moja. Nikaamua kurudisha ile alternata ya kwanza niliyoambiwa imekufa, nayo 14.1 vilevile, ndo iliyopo kwenye gari mpaka leo, na wiki iliyopita tumetoka tena Morogoro usiku na mama akalala usingizi njia nzima.