Gari la Kapteni lawaka likitaka

Jumapili, baada ya isha

Gari lililokufa kabisa ni kazi nyepesi. Fundi hulikuta palepale lilipoachwa, hupima, hufungua, hutoa kilichoharibika. Kazi nzito ni gari linalowaka likitaka. Likiletwa gereji lawaka, mwenyewe akienda nalo sokoni lamgomea mbele ya watu. Wiki hii akili yangu yote imekuwa kwenye gari la aina hiyo, na kwa kuwa sasa limepona, nataka kuliandika lingali bichi kichwani.

Ni la mzee mmoja aliyekuwa rubani wa meli pale bandari ya Kilindini, Mombasa. Amestaafu, anakaa Kizingo upande unaotazama bahari, na sote twamwita Kapteni. Gari lenyewe ni la michezo, la Kijerumani, milango miwili, silinda sita, injini nyuma na betri mbele chini ya boneti. Alilinunua kwa jasho lake na hulipenda waziwazi. Naona ana haki. Mtu aliyemaliza umri wake akiingiza meli za wengine bandarini apate na yeye chombo kimoja cha kasi kilicho chake.

Ugonjwa wake ulikuwa huu. Akizungusha ufunguo, siku nyingi injini huitika mara moja. Siku nyingine yasikika "tak" moja tu kule nyuma, na baada ya hapo kimya. Huketi robo saa, ajaribu tena, na lawaka kana kwamba hakukuwa na kitu. Limemgomea Nyali, limemgomea Mwembe Tayari, lakini lililomuuma ni la feri ya Likoni. Mle ndani madereva huzima injini. Feri ilifika ng'ambo, mlango ukashuka, na yeye alikuwa mstari wa mbele, gari haliwaki, nyuma yake malori, tuktuk na umati wenye haraka zao. Vijana walimsukuma mpaka nchi kavu. Mzee ambaye manahodha wa kigeni walikuwa wakimkabidhi meli zao! Tangu siku hiyo, akienda kwa binti yake Diani, huzunguka kwa barabara ya Dongo Kundu, na atokaye Kizingo ajua huo ni mzunguko gani.

Siku aliyoliingiza kwangu lilikuwa lawaka bila taabu.

"Shikamoo, Kapteni."

"Marahaba, mwanangu. Leo lawaka. Na hilo ndilo tatizo lake."

Akanipa bahasha ya risiti. Betri mpya, halafu betri nyingine mpya. Stata, ile mota inayozungusha injini mpaka iwake. Swichi ya ufunguo. Na karatasi ya mwisho, kutoka gereji ambayo sitaitaja, iliyosema dawa ni kubadilisha kompyuta ya injini, kwa bei ambayo ungenunua gari dogo la kutembelea na chenji ikabaki. Nilizisoma zile risiti kwa tarehe, moja baada ya nyingine, na hapo nikaona jambo ambalo limenikaa moyoni mpaka usiku huu. Baada ya kila kipuri, gari lilikaa sawa kwa muda. Halafu likarudia.

Sidhani wenzangu hao walikuwa wezi. Hitilafu inayokuja na kuondoka humpa sifa kila anayeigusa. Umebadilisha betri, gari likawaka, mteja akashukuru, nawe ukalala ukiamini umelitibu, kumbe lilikuwa katika siku zake nzuri. Kipuri kilichofungwa wakati ugonjwa haupo hakithibitishi chochote. Kitu pekee kinachothibitisha ni kipimo kilichochukuliwa wakati gari linagoma, na wakati huo ndio hakuna anayekuwa nao, kwa sababu gari laletwa gereji likiwa zima.

Kwa hivyo sikushika spana. Nilimwomba Kapteni anisimulie, na nikamuuliza maswali ambayo pengine yalimchosha. Likigoma, stata yazunguka au haizunguki? Hili ni la kwanza daima. Gari linalopiga stata lakini halishiki ni ugonjwa mwingine kabisa: hapo fundi hutafuta kasoro ya mafuta, moto wa plagi, au ile sensa ya mzunguko wa krenkshafti, mhimili mkuu wa injini, ambayo hupenda kufa injini ikipata moto na kufufuka ikipoa. Lake halikuzunguka. Yasikika tak? Yasikika. Basi amri ya ufunguo imefika mpaka kwenye solenoidi, swichi ya sumaku iliyo kwenye stata, maana ndiyo inayotoa sauti ile. Chipu ya ufunguo, swichi ya klachi, rilei, vyote vimeshafanya kazi yao kabla ya hiyo tak, na havina hatia.

"Na taa za dashibodi, Kapteni, zafifia?"

Alifikiri sana. "Hapana. Zabaki vilevile. Nakumbuka kwa sababu siku ya feri nilizikodolea macho zikiwaka."

Jibu hilo lilikuwa na thamani kuliko bahasha yote. Betri ikiwa dhaifu, stata inapojaribu kuvuta umeme, taa zote huanguka. Taa zikibaki angavu na stata haizunguki, betri inao umeme lakini stata haiupati. Uko mahali njiani, umezuiwa.

Betri niliipima kwa ajili ya kutimiza wajibu: volti 12.6 ikiwa imepumzika, altaneta ikaipa 14.1 injini ikinguruma. Gari likiwa limelala halikuvuta hata miliampea 50. Yote salama.

Kisha nikaingia chini. Watu wengi wakifikiria umeme wa gari huufikiria ukienda tu, waya mwekundu mnene kutoka betri hadi stata. Husahau kuwa ni lazima urudi. Katika gari hili betri iko mbele na injini iko nyuma, kwa hivyo umeme hurudi kupitia bodi yenyewe, na kutoka gia boksi hadi kwenye bodi kuna waya mmoja mnene uliosukwa kwa nyuzi za shaba. Huo ndio athi ya injini. Niliutazama, ulionekana mzima. Lakini kando yake niliona kebo ya gia, na plastiki yake ilikuwa imeyeyuka kidogo na kuvimba. Hakuna cha moto karibu nayo. Nikakaa palepale chini ya gari nikiitazama. Umeme ukinyimwa njia yake hutafuta nyingine, na kebo ya gia ni chuma kinachounganisha injini na bodi. Ulikuwa ukipita humo.

Dhana hiyo ilinitosha mimi, lakini sikutaka risiti ya Kapteni iongezewe dhana nyingine. Nilichukua waya mrefu, nikaufunga kwenye hasi ya betri kule mbele, nikaupitisha dirishani, mwingine nikautoa gia boksi, na vyote viwili nikavileta kwenye mita iliyokaa mapajani mwangu, katika kiti cha abiria. Mita ya namna hii hukumbuka kipimo cha juu kabisa ilichokiona. Stata ikizunguka vizuri, kati ya hasi ya betri na injini isisomeke zaidi ya volti 0.2 au karibu na hapo. Kinachozidi ni umeme unaopotea njiani.

Tukaanza kuzunguka mji. Kapteni aendesha, mimi nahesabu. Tulizima na kuwasha Ganjoni, Tudor, Bombolulu, jua la mchana likitupiga, na kila mara mita yasema 0.4, 0.5, kubwa kuliko inavyotakiwa lakini stata yazunguka. Gari likatugomea Kongowea, mbele ya soko, mikokoteni ikitupita pande zote. Tak. Taa angavu. Nikatazama mapajani: volti 8 na ushei. Kati ya volti 12 za betri, nane zilikuwa zimeishia kwenye waya wa kurudi, na stata imeachiwa makombo. Nilifurahi mpaka Kapteni akaniuliza kama ni mzima. Kwa wengine wote lilikuwa gari lililozimika njiani. Kwangu lilikuwa limefungua mdomo likasema.

Gereji nilihamisha ncha ya waya hatua kwa hatua. Betri hadi bodi, hakuna kinachopotea. Bodi hadi gia boksi, kinapotea chote. Nikaufungua ule waya uliosukwa, nikachana kichwa chake pale ulipobanwa, na ndani mlikuwa na unga wa kijani. Nyuzi nyingi zilikuwa zimekatika zikabaki zimegusana tu. Injini ikitikisika kidogo au ikipoa, zagusana vizuri na gari lawaka. Zikikaa vibaya, lagoma.

Kijana wangu wa gereji alishangaa, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa ameupima waya huo kwa ukinzani, yaani jinsi unavyozuia umeme kupita, na mita ikasema karibu sifuri. Nilimwambia mita haikumdanganya. Ukinzani hupimwa kwa umeme kidogo mno, na huo hupita hata kwenye nyuzi chache. Stata ya injini kama hii huvuta ampea 200 hivi. Kanuni aliyoiandika Georg Ohm mwaka 1827 yatosha, kwamba volti zinazopotea ni ampea mara ukinzani: ampea 200 zikipita kwenye ukinzani wa omu 0.01, tayari umepoteza volti 2. Sehemu moja ya mia ya omu ni vigumu kuiona kwa mita ya kawaida. Kapteni, aliyekuwa ameketi kwenye kibao akitusikiliza, akamrahisishia: "Uzi mmoja wa kamba waweza kuonyesha kuwa meli imefungwa. Jaribu kuivuta nao."

Chumvi ndiyo iliyofanya kazi hii. Nyumba ya Kapteni hupigwa na upepo wa kusi moja kwa moja, na rasha la bahari huingia hadi barazani. Chumvi kavu haina madhara makubwa, lakini unyevu wa hewa ukipita asilimia 75 hujinyonyea maji na kuwa majimaji, na usiku wa Mombasa mara nyingi hupita hapo. Kila usiku gari likilala, ule waya ulikuwa ukiliwa. Kwa hiyo wenye magari mnaokaa Kizingo, Nyali, Bamburi na Shanzu, nawaomba: osheni chini ya gari kwa maji baridi yasiyo na chumvi, si juu peke yake, na kila kusi likipita fundi akague athi zote.

Niliufunga waya mpya mnene, vichwa vyake vimepakwa bati, nikasugua mahali unapobanwa kwa msasa mpaka chuma kikang'aa, nikakaza bolti na ndipo nikapaka grisi juu. Stata ikizunguka, mita ikasema volti 0.15. Kebo ya gia pia tumeibadilisha. Ijumaa alasiri tulivuka Likoni, akazima, akawasha, tukashuka.

Sasa linaloniweka macho. Kapteni alipoona bei ya ule waya alicheka kwa uchungu, kisha akaulizia saa zangu na akazilipa zote bila kupunguza. Si kila mteja ni Kapteni. Wengi hukubali kulipia betri ya maelfu bila swali, lakini ukiwaambia kupima ni pesa kadhaa, huuliza: "Kwani umeweka nini?" Fundi mwenye kodi ya kibanda na watoto nyumbani huelewa haraka kuwa kufikiri hakulipwi na kipuri kinalipwa. Bahasha za risiti kama ile hutoka hapo.

Kesho naandika bei ya kupima kwenye ubao wa gereji, peke yake, juu ya bei zote za vipuri, na mteja atalipa hata kama nitakuta hakuna cha kubadilisha. Kijana wangu ana wasiwasi tutapoteza watu. Wapo watakaoenda. Nimemwambia aninunulie rangi.