Nilivyowafundisha watoto wa mwaloni kusoma kwa kufuata mwezi

Nafundisha shule ya msingi karibu na mwalo, yaani pale mitumbwi inaposhusha samaki, kandokando ya ziwa huku Ilemela, ukitoka Mwanza mjini unapita Airport, unapita Igombe, unaendelea mbele kuelekea Kayenze. Niko na darasa la pili, na mwaka nilipokabidhiwa nilikuta watoto 127 kwenye chumba kimoja wakati kiwango cha serikali ni watoto 45. Hilo la wingi walimu wenzangu mnalijua, tangu elimu bila ada ianze 2016 watoto wamejaa na mimi nafurahi wamekuja, bora wabanane darasani kuliko wabaki nyumbani. Kilichokuwa kinaniumiza kichwa ni utoro, tena utoro ambao sikuuelewa kabisa.

Yaani wiki hii unaita majina wanaitika zaidi ya mia, wiki mbili mbele wako sabini. Unafundisha nya nye nyi, waliokosa wanarudi wanakuta umeshafika ng'a ng'e ng'i, hawajui hiki wala kile, wanakaa tu wanakuangalia. Na mimi nilichokuwa nafanya ni kuadhibu. Mchelewaji anapiga magoti, mtoro anachapwa au anachota maji, na niliamini kabisa kwamba nawasaidia. Mpaka leo nikikumbuka roho inaniuma.

Siku moja binti mmoja akaingia saa nne, akakaa, hata dakika kumi hazijaisha kalala kwenye dawati. Nikamfuata nikiwa nimekasirika. Nilipomshika mkono kumwamsha nikaona magamba ya dagaa yamemganda kuanzia kwenye kiganja mpaka karibu na kiwiko, yanang'aa kama vipande vidogo vya karatasi ya sigara, na vidole vimejikunja kwa kukaa kwenye maji. Nikamuuliza umeamka saa ngapi, akasema saa kumi na moja madam, tumeenda kupokea mitumbwi na bibi halafu tumeanika. Sikumwadhibu. Nilimwacha alale mpaka mapumziko.

Jioni nikaenda kwa bibi yake. Nikamwamkia, tukakaa nje, nikamwambia bibi huyu mtoto anakosa sana shule. Akanijibu kwa upole tu, "Mwalimu, sasa hivi ni giza. Mbalamwezi ikitoka mitumbwi inalala, utamwona kila siku." Mimi nimekulia Magu ndani ndani huko kwenye pamba na ng'ombe, hayo mambo ya ziwa sikuwa nayajua. Akanieleza kwamba dagaa wanavuliwa usiku kwa taa, zamani karabai siku hizi taa za sola, dagaa wanafuata mwanga wanakusanyika, sasa mwezi ukiwa mpevu ziwa lote lina mwanga kwa hiyo dagaa hawakusanyiki kwenye taa, wavuvi wanapumzika wanashona nyavu. Giza likirudi kazi inaanza, na alfajiri mzigo ukifika lazima uanikwe jua lisipotee, la sivyo dagaa wanaharibika na hela ya mwezi mzima imeondoka. Kuanika kunataka mikono mingi na midogo inafaa.

Usiku ule nikachukua rejista ya miezi minne nyuma. Mwalimu mwenzangu ana kalenda yenye tarehe za Kiislamu, nikaiazima, maana pale tarehe 13, 14, 15 ndio mwezi umejaa. Nikaweka alama kwa penseli. Jamani, mahudhurio yalikuwa yanapanda na kushuka na mwezi, mwezi ukijaa darasa linajaa, mwezi ukipotea darasa linapungua, miezi yote minne vilevile. Taarifa ilikuwa mezani kwangu kila siku na mimi nachapa watoto.

Basi nikapanga upya. Azimio la kazi, yaani ule mpango wa mada za kufundisha, sikuligusa, mada ni zilezile, nilichobadilisha ni lini nafundisha nini. Zile siku kama kumi za mbalamwezi ndio naingiza silabi mpya, naenda kwa kasi kwa sababu wote wapo. Siku za giza sianzishi kitu kipya, tunarudia, tunasoma hadithi fupi, tunaandika imla, anayekosa anakosa marudio tu na anayekuja anazidi kukomaa. Mwalimu wa taaluma mwanzo alisita, akaniambia mkaguzi akija utamweleza nini, nikamwonyesha rejista na zile alama za penseli, akanyamaza muda mrefu halafu akasema jaribu muhula mmoja.

Kitu cha pili kilikuwa wazazi. Kikao cha shule tukiitisha wanakuja wachache, kwa hiyo mimi nikawafuata. Saa moja asubuhi niko mwaloni, kina mama wanageuza dagaa kwenye chanja, na mimi nikainama nikageuza nao huku tunaongea. Sikwenda kuwaambia watoto wasisaidie kazi, nilijua wangenisikiliza halafu wangeendelea. Niliomba kitu kimoja, dagaa wakishatandazwa mtoto aachiwe, anawe, aje hata kama ni saa tatu, na mimi niliahidi mbele yao hatapigwa kwa kuchelewa. Mama mmoja akaniambia, "Mwalimu, sisi tulikuwa tunawazuia wasije kabisa kwa sababu mkiwakuta wamechelewa mnawachapa." Neno hilo nilirudi nalo mpaka shuleni.

Kwenye darasa lenyewe nikagawa vikundi vya watoto nane nane, hali ya hewa ikiwa nzuri tunatoka chini ya mwembe. Kila kikundi kina mtoto anayejua kusoma, na kina mwingine tunamwita mpokeaji, kazi yake ni kumkalisha aliyerudi kutoka kwenye utoro na kumwonyesha tulichofanya. Kadi za silabi nilikata kwenye maboksi ya sabuni niliyoomba dukani, nikaandika kwa makapeni. Maneno nikayatoa kwao wenyewe: da-ga-a, ka-si-a, nya-vu, sa-to, cha-nja. Mtoto aliyekuwa hasomi "zeze", maana zeze hajawahi kuliona, huyo huyo anakusomea "kasia" anacheka kwa furaha. Shida ya l na r ilikuwa kubwa kwa wale wa Kisukuma, wanaandika "lula" badala ya "rula", hiyo nilikaa nayo wiki nyingi sana na bado inanisumbua. Kuna kikundi kiongozi wake alikuwa anawapiga wenzake vibao, nikamkalisha pembeni nikamuuliza umejifunza wapi, akasema kwako madam. Nikamwomba msamaha mbele ya kikundi chake.

Januari waliokuwa wanasoma sentensi nzima hawakufika hata 40. Novemba nilipowasikiliza mmoja mmoja nikapata 93. Yule binti wa magamba yumo, alinisomea ukurasa mzima bila kusimama, kidole kinafuata mstari.

Sijamaliza kila kitu. Uji bado unapikwa pale wazazi wanapochanga tu, na mtoto aliyeamka saa kumi na moja bila kula huwezi kumdai asome vizuri saa sita. Wavulana wakubwa wa la tano na la sita wanaoingia wenyewe ziwani usiku hao sijapata njia nao, asubuhi wamechoka kweli na wana hela mfukoni. Mtaala mpya ulioanza 2024 nao umeleta Kiingereza tangu la kwanza, kwa mtoto ambaye nyumbani ni Kikerewe au Kijita na Kiswahili chenyewe anakikuta shuleni, hapo natumia zilezile kadi na picha za vitu anavyovijua, samaki, mtumbwi, ziwa.

Kalenda ya yule mwenzangu sasa tumeibandika ofisini na walimu wa la kwanza na la tatu wanaitumia. Wiki hii ni giza, tunarudia. Mwezi ukianza kujaa naingia mba mbe mbi, na kadi nimeshakata.