Shilingi ya Mizinga, kutoka Dublin hadi Limerick

Meli kutoka Holyhead ilifunga gati Dublin alfajiri, upepo ukikata masikio. Katika mfuko wa ndani wa koti nilikuwa na sarafu moja tu, sumuni ya Tanzania yenye sungura, niliyopewa na mjomba wangu kule Unguja nilipokuwa na miaka tisa. Sumuni ile ndiyo iliyonitia mapenzi ya sarafu, na ndiyo iliyonivuta kwa Waayalandi, kwani nao walikuwa na sungura wao. Mwaka 1928, dola yao changa ilipotoa sarafu zake za kwanza, kamati iliyoongozwa na mshairi W. B. Yeats ilichagua wanyama: farasi, samoni, fahali, mbwa, sungura, nguruwe na watoto wake, kuku na vifaranga. Aliyewachonga ni Percy Metcalfe, Mwingereza, na sijaona sarafu za karne iliyopita zilizozidi zile kwa uzuri. Seti hiyo ninayo nyumbani.

Safari hii nilifuata kitu kikongwe zaidi.

Mwaka 1689 Mfalme James wa Pili, aliyekwisha kupokonywa kiti cha Uingereza, alishuka Ayalandi ili apigane akirudishe. Askari anao, fedha hana. Ndipo ikaamriwa mizinga mibovu iyeyushwe, pamoja na kengele, masufuria na shaba yoyote chakavu iliyopatikana, zifuliwe shilingi. Mimi niliyekua nikipanda mizinga ya shaba mbele ya Beit el-Ajaib, habari hiyo nilipoisoma mara ya kwanza sikulala. Na mbali na mwaka, sarafu hizo zilipigwa pia chapa ya mwezi. Inaelezwa kwamba mfalme aliahidi kuzikomboa kwa fedha halisi akishashinda, kwa zamu, mwezi baada ya mwezi. Kwa hiyo kila moja ni kama hati ya deni yenye tarehe.

Nilianzia Mtaa wa Capel, kaskazini ya mto Liffey, kwa sababu kiwanda cha kuzifua kilikuwa hapo. Leo ni mtaa wa mikahawa, harufu ya vitunguu na tangawizi inakufuata mlango hadi mlango. Niliutembea wote, kwenda na kurudi, nikijaribu kusikia nyundo.

Kutoka hapo nikapanda tramu hadi Collins Barracks, kambi ya zamani ya jeshi ambayo sasa ni tawi la Makumbusho ya Taifa. Humo mna maonyesho ya miaka elfu ya fedha za Ayalandi. Yanaanza na peni za Sihtric, mfalme wa Kiviking wa Dublin, aliyeanza kufua sarafu karibu na mwaka 997 kwa kuiga za Uingereza. Nilisimama pia mbele ya vinubi vya Henry wa Nane. Yeye ndiye aliyekiweka kinubi kwenye sarafu za nchi hii, na pembeni yake akapiga herufi ya jina la mke: A ya Anne, I ya Jane, K ya Katherine. Mke akibadilika, herufi inabadilika. Kinubi chenyewe leo kimo hata kwenye euro ya Ayalandi.

Mchana nikaingia duka la sarafu. Muuzaji, mzee wa makamo asiye na haraka, alitandika kitambaa cheusi akanipangia shilingi tano za mizinga. Niliyoishika mwisho ilikuwa na rangi ya kahawia iliyoiva, haijasuguliwa na mtu, na hilo ndilo la kwanza kutazama, maana sarafu iliyong'arishwa imeuawa. Upande mmoja sura ya mfalme, upande wa pili taji juu ya fimbo mbili zilizopishana. Chini yake: 10r.

"Mwezi wa kumi," nikasema.

"Hapana," akanijibu kwa upole. "Desemba."

Nikatazama nyingine iliyoandikwa 8ber. Hiyo ndiyo Oktoba. Waandishi wa zama zile walifuata hesabu ya Warumi wa kale, walioanza mwaka kwa Machi, na mwaka wa kiserikali wakati huo ulianza tarehe 25 Machi. Ndiyo sababu kuna shilingi za Machi 1689 na za Machi 1690 zilizotoka katika mwezi uleule mmoja!

Nilinunua ya 10r kwa euro 55, nikampigia mjomba nikiwa bado mlangoni.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Umeipata?"

Nikamweleza ya kumi iliyo ya kumi na mbili. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Sasa hapo pagumu nini? Maulidi tunasoma Mfungo Sita, na Mfungo Sita kwa Hijria ni mwezi wa ngapi?"

Wa tatu. Sisi twahesabu tangu Ramadhani ilipoisha. Nimekuwa nikitamka Mfungo Sita tangu utotoni.

Kesho yake nikapanda treni kwenda Limerick, nikabadilisha Limerick Junction. Baada ya James kushindwa vitani mtoni Boyne, Julai 1690, akakimbilia Ufaransa, na Mfalme William aliyemshinda akazishusha thamani sarafu za mizinga. Sarafu yenye thamani ya shilingi tano ikawa peni moja. Lakini Limerick ilikuwa bado mikononi mwa watu wa James, na mwaka 1691, mji ukiwa umezingirwa, shilingi zilezile zilipigwa chapa upya zikawa nusu peni.

Mkusanyaji mmoja wa mji huo, tuliyekuwa tukiandikiana, alinipokea karibu na ngome ya Mfalme John, ukingoni mwa mto Shannon. Akanifungulia kikaratasi. Ndani mlikuwa na nusu peni ya 1691: mwanamke ameketi, Hibernia, yaani Ayalandi kwa Kilatini, na herufi N ya jina lake imegeuzwa. Akaiinamisha kwenye mwanga. Chini ya goti la mwanamke ilibaki ncha ya fimbo ya kifalme, ile chapa ya kwanza ambayo nyundo haikuimaliza.

Nikatoa yangu nikaiweka kando yake ukutani. Fimbo zote mbili zipo, taji lipo, na 10r inasomeka. Hii haikufika Limerick.