Kidumbak cha Montréal

Aliyenipeleka kwa Arcade Fire, bendi ya roki ya Montréal, hakuwa mpenzi wa roki hata kidogo. Alikuwa mama mmoja wa Kihaiti niliyefanya naye kazi jikoni, kwenye mkahawa mmoja wa Montréal, yeye kwenye supu na michuzi, mimi kwenye vyombo vichafu. Muziki wake ulikuwa kompa, dansi ya kwao Haiti, na nyimbo za kanisani, basi. Lakini Régine Chassagne, yule mwanamke wa bendi ile, wazazi wake waliikimbia Haiti enzi za udikteta wa Duvalier, mwenyewe akazaliwa hapo hapo Montréal, na kwa mama yule hilo lilitosha kumfanya mtoto wa nyumbani.

"Alhamisi mtoto wetu anapiga bure, hadharani," akaniambia huku akikoroga sufuria. "Utakaa nyumbani ufanye nini?"

Mimi jina la bendi nilikuwa nimelisikia tangu Februari ya mwaka ule, 2011, walipochukua Grammy ya albamu bora ya mwaka mbele ya Eminem, Lady Gaga na Katy Perry. Marekani watu walibaki wakiulizana hawa ni nani. Montréal hakuna aliyeuliza. Kijana mmoja niliyepanga naye nyumba alinipa albamu zao zote tatu, na alipoona sizigusi akaniambia neno lililonifanya nizisikilize usiku ule ule: hawa wana fidla.

Alijua anachokisema. Mimi ni mtu wa Ng'ambo, Unguja, na kabla sijasafiri fidla ndiyo iliyokuwa kazi yangu ya jioni. Nilifundishwa na maalim mmoja wa taarab ya kizamani, mzee aliyeamini kwamba mpiga fidla hukaa kitini, kanzu imenyooka au suti imefungwa vifungo, macho yako kwa kiongozi, na mwili hautikisiki isipokuwa mkono wa upinde. Kwanza bashraf, ala tupu bila mwimbaji, watu watulie. Kisha mwimbaji anaingia, fidla zinamfuata, akinyamaza zinamjibu kwa pamoja, zote sauti moja. Ukijitia mapambo yako mwenyewe katikati ya jibu, maalim anasimamisha mazoezi, anakutazama, anaanza upya. Hakuna tusi lililonichoma kuliko mtazamo ule.

Kwa hiyo nilizisikiliza zile albamu kwa masikio ya maalim. Ya kwanza, ya 2004, waliipa jina la maziko kwa sababu wakati wakiirekodi walikuwa wakifiwa: bibi yake Régine alikufa, na babu yao Win Butler, mwimbaji, na Will, ndugu yake wa bendi ile ile, Alvino Rey, aliyekuwa mpiga gitaa mashuhuri wa zama zake. Ile niliipenda mara moja. Fidla zake hazipambi, zinabeba. Ukiziondoa, wimbo unakaa chini. Ya pili, ya 2007, waliifanyia kazi kwenye kanisa la zamani walilolinunua Farnham, nje ya Montréal, wakaenda kurekodi kinanda kikubwa cha mabomba katika kanisa la Saint-Jean-Baptiste mjini, kisha okestra na kwaya wakazifuata Budapest. Siku moja ya mapumziko nilikwenda kulitazama kanisa lile la Saint-Jean-Baptiste, nikainua shingo kukitazama kinanda chenyewe, nikaelewa walichokitaka. Ila sikubaliani nao moja kwa moja. Kinanda kile kikishaingia, mwimbaji anakuwa mgeni kwenye wimbo wake mwenyewe.

Basi kichwani mwangu nilikuwa nimeshaipanga Alhamisi ile itakavyokuwa. Watu wa okestra, wamekaa, karatasi mbele yao, gitaa zikinguruma pembeni. Taarab ya Wazungu, kwa kifupi.

Tulitoka kazini, mama na mimi, tukamkuta rafiki yangu wa Bukavu anatusubiri pale metro, treni ya chini ya ardhi, kituo cha Place-des-Arts. Huyu ni mtu wa rumba, Franco na Tabu Ley, na alikuja kwa sababu moja tu, ya kwamba ni bure. Tulipotoka juu tukapita karibu na Maison symphonique, ukumbi mpya wa okestra ya jiji. Haukuwa umetimiza hata mwezi: ulifunguliwa tarehe 7 Septemba, Kent Nagano akiongoza Simfonia ya Tisa ya Beethoven. Mama akasimama akautazama ule ukumbi na vioo vyake, akauliza mlangoni wanatoza kiasi gani. Nikamwambia sijui, lakini kwa mshahara wetu tusihangaike kujua. Akacheka, akanishika mkono, tukaendelea na safari.

Hatua chache tu kutoka hapo, barabara ya Jeanne-Mance ilikuwa haionekani. Ni vichwa tu. Place des Festivals, ule uwanja wa wazi, ilikuwa imejaa, na njia zinazoingia zimejaa, na watu wamepanda kwenye kila kitu kinachopandika. Magazeti yalikuja kukadiria laki moja. Nimekulia Unguja, nimeona Mnazi Mmoja siku ya sikukuu, lakini watu wengi namna ile, usiku, wamesimama wima wakingoja fidla, sikuwahi kuwaona. Nasema fidla kwa sababu mimi nilikuwa nangoja fidla. Wengine kila mmoja na lake.

"Banapiga nini hawa batu?" rafiki yangu akaniuliza kabla hawajaanza, mikono mfukoni.

"Subiri utasikia."

Walipopanda jukwaani, jambo la kwanza nililotafuta ni viti. Hakukuwa na viti vya okestra. Mpiga fidla, Sarah Neufeld, alisimama, na hakusimama kama mtu aliyekosa pa kukaa. Alisimama kama mtu anayetaka kwenda mahali. Skrini kubwa zilipomleta karibu niliutazama mkono wake wa kulia, maana ndio ninaoujua. Upinde haukuwa ukivutwa mrefu, laini, tokea ncha hadi kwenye kishikio, kama tulivyofundishwa. Alikuwa akiupiga mfupi mfupi, karibu na kishikio, pale penye uzito, kila pigo linauma uzi kisha linauachia, na bega zima linaingia kazini. Mguu ulikuwa ukipiga sakafu. Kidevu kilikuwa kikiachia fidla na kuidaka tena. Maalim wangu angelisimamisha mazoezi kabla ya ubeti wa kwanza kwisha.

Na wenzake hawakuwa na adabu zaidi yake. Wimbo mmoja Régine yuko kwenye madramu, wimbo unaofuata ameshika akodiani, ukigeuka yuko kwenye kinanda. Aliyekuwa na gitaa la besi sasa anagonga ngoma. Will Butler, ndugu yake mwimbaji, hakuwa na mahali maalumu, alikuwa popote penye kitu cha kupigwa. Watu wanabadilishana ala kama watoto wa nyumba moja wanavyobadilishana ndala, asiulizwe mtu za nani.

Pale nikakumbuka kidumbak.

Asiyekijua niseme kidogo. Kidumbak ni ndugu wa taarab asiyevaa suti. Ala za kanuni na nai hazimo, dabal besi haimo. Kuna sanduku, sanduku kweli, lenye fimbo na kamba, ndilo besi. Kuna ngoma mbili ndogo, kuna cherewa za kutikisa na mkwasa wa kugonga. Na mbele ya hayo yote kuna fidla moja inayofanya kazi ya fidla zote. Kinapigwa harusini, wanawake wamesimama wanacheza, na mpiga fidla hana nafasi ya kuwa mpole, akiwa mpole hasikiki. Wapo waliozijua zote mbili wakaziheshimu zote mbili. Makame Faki, Sauti ya Zege mwenyewe, alikuwa mtu wa Culture Musical Club, kundi la taarab, na papo hapo mtu wa kidumbak, na ukimsikiliza huoni pa kutenganisha. Maalim wangu mimi alikuwa wa taarab tu. Kidumbak alikiita ghasia, ingawa nina hakika mguu wake ulikuwa ukitikisika chini ya kiti kikipita mtaani.

Waandishi wanaoiandika bendi hii hupenda sana neno okestra. Hawasemi uongo, Budapest walikwenda kweli. Lakini hilo ni la kwenye albamu. Kwenye albamu ni taarab: kila mtu na nafasi yake, kila sauti imepigwa pasi. Jukwaani, usiku ule, kilikuwa kidumbak. Nyuzi zilikuwa zimeunganishwa na umeme zishindane na magitaa, na ilikuwa wazi kwamba zinajua zimekuja kushindana. Hazikuja kupamba. Tena nilifurahi, kwa namna nisiyoweza kuieleza vizuri, kwamba mambo haya yanatokea jirani na ule ukumbi mpya wa Beethoven. Simsemi vibaya Beethoven. Nasema tu fidla ni ile ile.

Rafiki yangu wa Bukavu alikuwa bado mikono mfukoni. "Gitaa halizunguki," akanilalamikia sikioni. "Linakatakata tu." Ni kweli. Mtu aliyelelewa na sebene, pale gitaa la rumba linapozunguka watu wacheze, hawezi kuridhika na gitaa la namna ile, na sikujaribu kumshawishi.

Kisha wakauanza ule wimbo wao ambao kiitikio chake hakina maneno. Ni sauti tupu, inapanda, inashuka, inapanda tena, wanaume na wanawake pamoja, na fidla zimelala ndani yake. Laki moja wakafungua vinywa. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini wasiweke maneno: waliozungumza Kifaransa na waliozungumza Kiingereza, ambao Montréal wana ugomvi wao wa siku zote, waliimba kitu kimoja. Mama wa Kihaiti hakuwa ameusikia wimbo ule maishani mwake. Aliusikiliza mzunguko mmoja, akatikisa kichwa kama mtu anayeonja mchuzi, mzunguko wa pili akaingia, kwa sauti ya kanisani, ya pili, juu ya wengine wote. Vijana waliokuwa mbele yetu wakageuka kumtazama. Mmoja akamsogezea nafasi aone vizuri.

Wimbo ule karibu na mwisho hugeuka. Mwendo mzito unakatika, unakuja mwendo mwepesi wa kuchezeka, kana kwamba ni wimbo mwingine. Kwetu hili linajulikana, watu wakishatulia vya kutosha unawainua. Mama akacheza. Mimi nikacheza. Yule bwana wa rumba akatoa mkono mmoja mfukoni.

Kulikuwa na jambo moja tu lililonikera, na wenyeji hawakuliona kabisa. Hakukuwa na kutunza. Mwimbaji amekufikisha pale alipokufikisha, mkono wako unataka kwenda mfukoni, utoke na noti, uende mbele kwa madaha, umpe, urudi. Ndiyo adabu. Nilimweleza mama, akaona ni jambo la akili sana, akatoa noti ya dola tano kutoka kwenye sidiria na kuuliza njia ya kufika jukwaani ni ipi. Kati yetu na Régine kulikuwa na watu labda elfu thelathini. Akaikunja akairudisha.

"Nitampa kanisani," akasema, ingawa sidhani kama wanasali kanisa moja.

Kutoka ilikuwa kazi. Metro ya Place-des-Arts haikuingilika, tukatembea na mkondo wa watu hadi Berri-UQAM, watu bado wakiimba kile kiitikio, kikizimika kona moja kinawaka kona ya pili. Rafiki yangu alikuwa anakivumisha puani. Nilipomtazama akasema ni baridi tu, kifua kinambana.

Nilifika nyumbani yapata saa sita usiku. Unguja ilikuwa saa moja asubuhi, na maalim saa hiyo yuko barazani na chai yake, nikampigia.

"Shikamoo, maalim."

"Marahaba. Nani kafa?"

"Hakuna. Nimetoka kwenye muziki."

Nikamhadithia. Alinisikiliza vizuri, bila kunikatiza, nikawa nasikia kikombe kikigonga kisahani.

"Fidla ngapi?"

"Nilizoziona mimi mbili."

"Mbili, kwa watu laki moja?"

"Wametia umeme, maalim."

"Ah." Akanyamaza kidogo. "Na wamesimama?"

"Wamesimama. Wanarukaruka."

"Lakini wanapatana?"

Nikafikiri kabla ya kujibu, kwa sababu aliuliza kama mtahini. Nikamwambia wanapatana. Wakijibu, wanajibu pamoja.

"Basi hao wana mwalimu," akasema, na habari ya kurukaruka hakuirudia tena. Akaniuliza kama huko niliko nina fidla. Nikamkumbusha kwamba fidla yangu niliiacha kwake, kabatini.

"Ipo. Lakini uzi wa kwanza umekatika, na wa pili unaelekea huko huko. Hapa madukani zinaletwa za plastiki, hazilii. Hao wenzako, waulize wananunua wapi, uniletee seti mbili."

Nikamwambia maalim, hawa si watu wa kuulizwa hivihivi, hawa wamepata Grammy.

"Kwani mimi nimekwambia uwaombe Grammy?" akasema. "Mimi nataka nyuzi."