Jumamosi ya Majilio pale Mkunazini

Mwalimu wetu wa kipaimara alikuwa na desturi moja: akiona somo zito, hafundishii darasani. Hutuchukua hadi ndani ya Kanisa Kuu la Mkunazini, mjini Zanzibar, lililojengwa palipokuwa soko la watumwa, akatuketisha kwenye mabenchi ya mbele. Jumamosi ile Majilio, majuma ya kuingojea Krismasi, yalikuwa ndiyo kwanza yameingia, mvua za vuli zimeshika, na altare imeshavishwa zambarau. Sanamu za watumwa zilizoko nje sasa zilikuwa bado. Hizo ziliwekwa 1998. Somo lilikuwa hili: kwa nini wanadamu waahidiwe Mwokozi? Kwani wasingeweza kujirekebisha wenyewe?

Alianza na Mwanzo sura ya 3. Adamu na Hawa wameshakula tunda, wamejificha, mume anamsukumia mkewe lawama, mke anamsukumia nyoka. Mwalimu akatusimamisha mstari wa 15, Mungu anapomwambia nyoka kwamba uzao wa mwanamke utamponda kichwa. "Tazameni umekaa wapi," akasema. "Hukumu ya Adamu na mkewe haijatamkwa bado. Ahadi imetangulia." Nimesikia mahubiri mengi tangu hapo, na bado sijasikia linalonigusa kama hilo: Mungu hakungoja watu watengenee ndipo aahidi.

Kisha akatuinua, tukasogea mbele ya altare, palipo na duara la marumaru nyeupe lililozungushiwa nyekundu. Waliosali pale wanajua pana nini. Inasimuliwa kwamba hapo ndipo uliposimama mti waliofungwa watumwa na kuchapwa, sokoni.

"Soko lilifungwa lini?"

"Mwaka 1873, Mwalimu."

"Na nani?"

"Sultani, Sayyid Barghash, kwa kushinikizwa na Waingereza."

"Ee. Na Krismasi ya mwaka huohuo likawekwa jiwe la msingi la kanisa hili. Haya, soko lilipofungwa, watu wakaacha kuuza watu?"

Tukanyamaza. Akatueleza kwamba majahazi yaliendelea kuvusha watu kwa magendo, na mashamba ya karafuu Unguja na Pemba yakaendelea kulimwa na watumwa; sheria haikuondoa hali ya utumwa hapa mpaka 1897. "Mshukuruni Mungu kwa amri zile, ziliokoa watu kweli. Lakini amri inamkataza mtu tu. Haimpi moyo mwingine. Torati nayo ilikuwa hivyo. Ndiyo maana Paulo, aliyeijua vizuri, analia: Ole wangu, maskini mimi! Ni nani atakayeniokoa? Hakuuliza ni sheria gani. Kauliza ni nani."

Palikuwa na mwenzetu kutoka Mbweni, ambako wamisionari waliwapa makazi watu waliookolewa kutoka majahazini. Ukoo wao ulianzia hapo. Akasema, "Mwalimu, kwani sisi tuna dhambi gani katika hili? Wabaya si wanajulikana?"

Mwalimu akaanza kuhesabu kwa vidole, polepole. Aliyevamia kijiji huko bara. Aliyemtoa jamaa yake kwa gora la nguo. Aliyeongoza msafara. Aliyenunua hapa. Mfaransa aliyewapeleka kisiwa cha Réunion wakalime miwa, na aliyekunywa chai kwa sukari ile asiulize imetoka wapi. Waislamu wamo, Wakristo wamo, wasio na kitabu wamo. "Wote wamefanya dhambi," akasoma, Warumi 3:23. "Sisemi waliokuwa mnyororoni wana hatia ya mnyororo, mwanangu. Hao walidhulumiwa. Nasema kila aliyepewa nafasi ya kumkanyaga mwenzake alikuwa binadamu kama wewe na mimi. Ungekuwa mtoto wa mwenye shamba, una hakika ungefanya nini?"

Kijana hakurudi nyuma. Namkumbuka alivyokuwa akikunja na kukunjua pembe ya daftari lake. "Bibi yake babu yangu alipouzwa, huyo Mwokozi alikuwa wapi?"

Mwalimu hakumkemea. Alimpa Biblia, akamwambia asome Isaya 53, mstari wa 7. Kijana akasoma, sauti imemkauka: "Alionewa, lakini alinyenyekea, wala hakufunua kinywa chake, kama mwana-kondoo apelekwaye machinjoni." Kisha Mathayo 26, Yuda anapolipwa vipande thelathini vya fedha.

"Watu walimtazamia mfalme wa kuwapiga maadui," Mwalimu akasema. "Aliyekuja aliuzwa kwa bei iliyotajwa, akafungwa, akachapwa mijeledi. Unauliza alikuwa wapi. Alikuwa upande wa aliyefungwa."

Mimi naamini hivyo mpaka leo, na sioni jibu jingine linaloweza kusemwa juu ya marumaru ile bila kuwatukana waliochapwa pale.

"Na aliyeshika mjeledi?" kijana akauliza.

"Na huyo alimjia pia, apate kutubu."

"Hilo siwezi kulikubali, Mwalimu."

"Najua. Hata mimi lilinichukua muda. Njoo Jumamosi ijayo, tutaanzia hapo hapo."