Tausi wa shangazi: nilivyoitunza mihuri ya mpira ya zamani

"Si wewe unayetengeneza kadi?" shangazi aliniuliza, na kabla sijajibu alikuwa ameshapanda kigoda, anapapasa juu ya kabati. Akashuka na mkebe wa biskuti ulioliwa na kutu kwenye mfuniko, akaupangusa vumbi kwa pindo la khanga. "Chukua, mwanangu. Macho yangu hayaoni tena, na hawa wajukuu wakiiona wataifanya magari."

Ndani mlikuwa na mihuri 58 ya mpira. Si ile ya ofisi yenye jina na sanduku la posta. Hii ni ya mapambo, kila mmoja umebandikwa kwenye kibao cha mbao chenye picha yake mgongoni: maua, kengele, mishumaa, shada la zabibu, tausi mmoja mkubwa aliyekunjua mkia, na seti ya herufi ndogondogo zilizofungwa pamoja kwa mpira wa kufungia noti. Shangazi alifundisha sayansi kimu kwa miaka mingi kule Mvumi, mkoani Dodoma. Mama mmoja wa Kiaustralia aliyekuwa akifanya kazi misheni ndiye aliyemwachia mkebe huo alipokuwa anarudi kwao, miaka ya 1980.

Mimi naishi Nkuhungu, Dodoma mjini, na natengeneza kadi: za harusi, za michango, za sendofu, za kipaimara. Siku hizi kadi nyingi zinachorwa kwenye kompyuta na kurushwa WhatsApp, lakini wapo wateja wanaotaka kitu cha kushika mkononi, karatasi ya manila yenye pambo lililopigwa kwa mkono. Kwa hiyo mkebe ule niliupakata njia nzima ndani ya Hiace kama mtoto.

Nilipoufungua vizuri nyumbani nikanyong'onyea. Mihuri kama nusu ilikuwa imekakamaa na kung'aa kama kwato. Ukiipaka wino, wino unajikusanya vitonevitone kama maji juu ya jani la mgomba. Mingine ilikuwa inapwaya, kwa sababu sponji iliyo kati ya mpira na kibao imekuwa unga wa rangi ya machungwa unaomwagika ukiutikisa muhuri. Vibao viwili vilikuwa na ufa. Na ule mpira wa noti ulikuwa umeyeyuka, umegeuka ulimbo wa kahawia uliozigandia herufi zote kwa pamoja. Tausi ndiye aliyekuwa na nafuu, ila mistari ya manyoya yake ilikuwa imejaa wino mweusi uliokauka miaka nenda rudi.

Jirani yangu ni fundi baiskeli. Nikamwonyesha.

"Dada, hapo mafuta ya taa tu. Sisi cheni tunaziosha hivyohivyo."

Cheni si mpira, lakini siku hiyo hilo halikunijia. Nikamimina mafuta ya taa kwenye kisahani, nikamlaza tausi kifudifudi, nikaenda kusonga ugali. Niliporudi wino ulikuwa unatoka kweli, nikafurahi. Nikamgeuza. Mpira ulikuwa umevimba. Mkia umezidi kibao kwa upana wa punje ya mchele kila upande, kingo zimejikunja juu, na ukiugusa ni laini kama ini. Kwa kiherehere nikambonyeza nimrudishe mahali pake, na pale pale manyoya mawili ya mwisho, upande wa kulia, yakachanika yakabaki kwenye kidole changu.

Mafuta yalipoendelea kukauka, baada ya siku kadhaa, mpira ulinywea ukakaribia kipimo chake cha zamani. Gundi ilikuwa imeachia yote. Nilipompigia shangazi simu kumwambia, alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Mafuta ya taa? Kwenye mpira? Na wewe umesoma?"

Basi nikasoma upya, safari hii habari za mpira wenyewe. Mihuri ya zamani ya aina hii ni mpira wa asili, utomvu wa mti, miti ambayo hata kwetu ipo, kule Muheza mkoani Tanga. Utomvu huo ukiachwa hivihivi unanata kwenye joto na kukakamaa kwenye baridi. Mmarekani Charles Goodyear aligundua mwaka 1839 kwamba ukiuchanganya na salfa na kuupika, unatulia. Hataza ya Marekani, yaani hati ya haki ya uvumbuzi, akaipata mwaka 1844. Nyuzi za mpira ni kama nyuzi za kitambaa, na salfa ndiyo mishono inayozishika pamoja. Mafuta ya taa, petroli na thina hujipenyeza katikati ya nyuzi na kuzitanua, ndiyo maana tausi alinenepa, na ndiyo maana alichanika kirahisi.

Hewa, mwanga na joto navyo huuharibu, ila polepole na kwa njia mbili. Nyuzi zikikatikakatika, mpira unakuwa ulimbo. Mishono ikizidi, unakuwa kwato. Mkebe wa shangazi ulikuwa na vyote viwili, kwa sababu ulikaa miaka juu ya kabati, chini ya bati lisilo na dari. Anayeijua Mvumi mwezi wa Oktoba na Novemba ataelewa mihuri ile ilikuwa inapikwa mara ya pili.

Kusafisha, niseme ukweli, ni kazi ndogo kuliko tunavyoikuza. Matone mawili ya shampuu ya mtoto kwenye kikombe cha maji ya vuguvugu, mswaki laini sana, na kitambaa cha pamba. Unachovya mswaki, unaukung'uta, unasugua kwa kuzungusha bila kukandamiza, huku muhuri umeuinamisha mpira ukiwa chini ili maji yasitiririke kwenye kibao. Kibao hakitakiwi kuloa hata kidogo. Kikiloa kinajikunja, na gundi inaachia. Kisha unaufuta, unaupiga kwenye karatasi ya takataka mara tano, sita, hadi usitoe kitu. Usihangaike na doa. Mpira wa zamani ukishanyonya rangi haiachi, na hilo haliudhuru. Mtu anayetaka muhuri uwe mweupe kama siku ulipotoka dukani ndiye atakayeumaliza. Maji ya bomba mtaani kwetu yana chumvi, yakikauka yanaacha weupe ndani ya mistari myembamba, kwa hiyo suuza ya mwisho nafanya kwa maji ya mvua niliyoyakinga masika. Yakiisha, maji ya chupa. Kifuniko kimoja kinatosha muhuri mzima.

Ile iliyokakamaa juu nilianza nayo kwa ufutio mweupe wa penseli. Unausugua uso wa mpira taratibu, ngozi ile ya kung'aa inatoka kama nongo, halafu unaosha. Mingi ilikubali hapo hapo, wino ukaanza kushika. Michache iligoma, nikatumia msasa wa maji namba 600, ule wa mafundi rangi za magari, kwa kuubandika juu ya kioo na kuupitishia muhuri mara mbili tu, kwa uzito wa muhuri wenyewe. Mara ya tatu unaanza kula picha. Mihuri ya zamani imechimbwa kina kirefu, inavumilia kuliko ya siku hizi, lakini mistari ya nywele na manyoya haina cha kupoteza.

Herufi zilinichosha. Ulimbo ule ukiuosha kwa sabuni unasambaa tu, ukiukwangua unavutika kama bigijii. Ndipo nikamfuata Mama wa genge hapa mtaani, mwenye friza ya kugandishia barafu za watoto.

"Nikuwekee nini humo, nyama?"

"Alfabeti, mama."

Alinitazama kama aliyerukwa na akili, lakini aliziweka. Baada ya saa moja ulimbo ulikuwa umekauka, haushiki tena kidole, nikawa naubandua kwa kijiti cha meno vipandevipande, haraka kabla haujapata joto. Zikirudi kulainika, friza tena. Safari nne. Herufi nne hazikupona, ulimbo ulikuwa umeshakula sura. Mojawapo ni A, na jaribu wewe kuandika jina la bibi harusi wa Kitanzania bila A. Hiyo nilimpa fundi mihuri wa mjini anichongee nyingine, imetoka nene kuliko wenzake lakini inasomeka.

Kubandika upya nilijifunzia kwa tausi. Kwanza kuondoa mabaki: dada wa saluni ya jirani aliniazima drai ya mkono, nikaiweka joto la chini na kukipasha kibao kwa mbali, si mpira, hadi gundi ya zamani ikalegea nikaifinya itoke. Kwa mihuri ambayo sponji bado imeshika upande mmoja nilipitisha uzi wa kushonea katikati, nikiusogeza kama msumeno. Kuvuta mpira kwa kucha ni kutafuta ufa. Badala ya sponji iliyokufa nilikata zile karatasi nene laini za rangi wanazouzia watoto wa chekechea kwenye maduka ya vifaa vya shule, unene wa milimita 2 hivi. Swali likawa gundi. Gundi ya viatu inashika kweli, lakini ina kimiminika cha jamii ileile ya thina. Nilijaribu kwenye kipande cha mpira kilichokufa na kikajikunja mbele ya macho yangu. Nikatumia tepu ya gundi pande mbili. Haidumu milele. Ikichoka nitabandika nyingine, na mpira utakuwa haujaumia.

Vibao nilivipaka nta ya nyuki, kidogo sana, kwa kitambaa kikavu, ubavuni na mgongoni tu. Hewa ya Dodoma inakausha mbao hadi zinalia usiku, na asali na nta za Manyoni hazikosekani sokoni, kwa nini mtu akanunue polishi ya dukani? Angalizo ni moja: nta isiguse mpira.

Mihuri sasa inakaa kwenye droo ya chini kabisa ya kabati la chumbani, mbali na dirisha. Mkebe nimeuweka kama kumbukumbu, una vifungo vya nguo. Droo nimeitandika karatasi nyeupe tupu, na mihuri imelala safu moja, mpira chini, hakuna mmoja juu ya mwingine. Mwanzoni nilitandika kava laini za plastiki za madaftari nikidhani nazuia vumbi. Baada ya wiki chache mihuri miwili ilikuwa imenata. Plastiki laini ya aina hiyo inatoa mafuta yake, na mpira unayanywa. Gazeti nalo linaacha wino. Poda ya mtoto nilijaribu pia, kwa kuwa tyubu mpya za baiskeli huja na unga mweupe, ikajaa kwenye mistari nikaishia kuosha kila kitu upya.

Kazi nayo nimeihamisha. Nilikuwa nagonga mihuri barazani, na ukutani kwa jirani wa upande wa pili wanachomelea mageti. Umeme ule wa kuchomelea hutoa ozoni, aina ya hewa kali, na ozoni hupasua mpira, hasa uliovutwa. Umbali wa ukuta mzima pengine si kitu, lakini baada ya tausi nimekuwa mwoga.

Wino natumia wa maji. Ule wenye mafuta, wa mashine za chuma za kupigia namba, sitaki hata uingie chumbani. Na kabla ya kila kazi naupiga muhuri mara moja kwenye daftari lenye tarehe, kwa hiyo nikifungua kurasa za nyuma naona ua fulani lilikuwaje mwaka jana na leo likoje. Kengele moja imeanza kufifia upande wa kushoto. Nimeipumzisha.

Mwezi uliopita alikuja mama mmoja kutoka Kisasa anayeozesha binti. Nilimwekea mezani michoro ya kompyuta na daftari langu. Akapekua, akafika kwa tausi, akaweka kidole.

"Huyu. Kadi mia moja."

Nikamwonyesha pengo la mkia. Akasema hajali, nimalizie mwenyewe. Kwa hiyo tangu Jumatatu niko mezani: nagonga tausi kumi, naacha wakauke, nachukua kalamu ya ncha nyembamba na kuwachorea yale manyoya mawili ya kulia. Nimefika kadi ya 64.